Ndoa Isipimwe kwa Kipimo cha Ajira

Tangu tarehe 9 Julai, 2012, raia au mkazi wa kudumu wa Uingereza anayetaka kuishi nchini humo pamoja na mume au mke mgeni hutakiwa kwanza athibitishe kipato chake. Kima kilichowekwa siku hiyo kilikuwa pauni 18,600 kwa mwaka. Tarehe 11 Aprili, 2024, kilipandishwa kwa mkupuo mmoja hadi pauni 29,000. Ndugu zetu waliolowea huko, wauguzi, madereva, walezi wa wazee, wanaijua kanuni hiyo kwa machungu yake. Wenzi wao waliobaki Dar es Salaam, Mombasa na Unguja wanaijua kwa kungoja.

Hakuna anayebisha kwamba kila dola ina haki ya kulinda mipaka yake, na kuwataka wanaoingia wawe na chakula na mahali pa kulala. Hata kabla ya 2012 wanandoa walitakiwa kuonyesha kuwa wataweza kujikimu bila kutegemea fedha za umma. Lililobadilika ni kipimo. Pauni 18,600 zilikadiriwa kuwa ndicho kiasi ambacho familia ikikipata haitahitaji kuomba ruzuku ya serikali. Ukadiriaji huo unaweza kukosolewa, lakini walau ulihusu unga na kodi ya nyumba. Kima cha 2024 kina asili nyingine kabisa. Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo, James Cleverly, alipoutangaza mpango wake Desemba 2023, alikusudia kima kifike pauni 38,700, ili kilingane na mshahara uliopangwa kwa mfanyakazi stadi anayeajiriwa kutoka ng'ambo. Pauni 29,000 zilikuwa ngazi ya kwanza tu ya kupandia huko.

Hapo ndipo penye kosa. Mfanyakazi aliyeagizwa na kampuni hupimwa kwa mshahara kwa kuwa mshahara ndio uliomwita. Mke au mume hakuitwa na mshahara. Na la ajabu zaidi, mshahara unaopimwa si wake hata kidogo, ni wa yule aliyeko Uingereza. Mwalimu wa sekondari aliyesomesha miaka kumi Morogoro, akiomba kumfuata mumewe Leeds, mshahara wake wa sasa hauingii katika hesabu, wala ule atakaoupata akifika na kuajiriwa. Kwa mizani hiyo yeye ni mtu asiyejua kazi.

Mumewe naye ana hali gani? Tangu Aprili 2025 kima cha chini cha mshahara nchini Uingereza kwa mtu mzima kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Anayefanya kazi saa 40 kila wiki, bila kukosa wiki hata moja katika mwaka, alipata karibu pauni 25,400. Kwa maneno mengine, serikali iliyoutangaza mshahara huo kuwa ni halali ya kuishi ndiyo hiyo hiyo iliyomwambia kuwa hautoshi kuishi na mkewe. Kanuni inaruhusu upungufu ufidiwe kwa akiba, lakini hesabu yake inatisha: pauni 16,000, na juu yake upungufu huo mara mbili na nusu. Mfanyakazi huyo atahitaji akiba ya pauni 25,000 na ushei, yaani karibu ujira wake wote wa mwaka, nayo ikae kwa miezi 6 pasipo kuguswa. Asiye na kipato chochote hudaiwa akiba ya pauni 88,500.

Watetezi wa kanuni husema inamkinga mlipa kodi. Hoja hiyo ina nguvu kidogo kuliko inavyosikika. Mwenzi anayeruhusiwa kuingia hupewa viza yenye sharti la kutogusa ruzuku za umma, na kabla hajapanda ndege hulipia huduma za afya. Tangu Februari 2024 malipo hayo yalikuwa pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza.

Wenye kumbukumbu hawatashangaa. Katika miaka ya 1980 Uingereza ilimrahisishia mwanamume kumleta mke, ikamwekea mwanamke vikwazo akitaka kumleta mume. Mwaka 1985 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya mjini Strasbourg iliamua kuwa huo ulikuwa ubaguzi dhidi ya wanawake. Serikali ikatii: ikawawekea vikwazo wanaume pia. Usawa wa namna hiyo nao ni ustadi wa aina yake.

Februari 2017 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikubali kuwa kuweka kima cha kipato si kinyume cha sheria, lakini ikasema kanuni zilikuwa hazikuzingatia ipasavyo maslahi ya watoto, wala njia nyingine za halali za kujikimu. Hadi hapo ahadi ya wazazi au ndugu kuwasaidia wanandoa ilikuwa haihesabiwi kitu. Baada ya hukumu iliweza kufikiriwa, ila katika mazingira ya pekee tu. Kwa jamii zetu, ambako kijana huanza maisha katika chumba cha baba yake mdogo na watoto wakalelewa na bibi, ndugu ndio bima ya kwanza, na mshahara hufuata baadaye.

Serikali ya Chama cha Labour ilisimamisha ngazi zilizosalia mwaka 2024, na Juni 2025 Kamati ya Ushauri wa Uhamiaji ikashauri kima kisipandishwe hadi pauni 38,700. Ushauri huo ni wa busara, lakini kubaki kwenye 29,000 ni kubaki na kipimo kile kile cha ajira. Serikali za Jumuiya ya Madola zina haki ya kulisema hilo London, maana wanaotenganishwa ni raia wao pia.

Ofisi zetu nazo zinahusika. Mwingereza aliyeoa hapa na kuajiriwa hapa, akitaka kurudi kwao na mkewe, huhitaji barua ya mwajiri inayotaja aina ya ajira, muda aliofanya kazi, mshahara kabla ya makato, na tangu lini ameupata. Barua hiyo, karatasi za mshahara na taarifa za benki hazitakiwi kuwa zimepitwa kwa zaidi ya siku 28 maombi yanapopelekwa. Faili likikaa mezani wiki tano likingoja sahihi ya mkuu wa ofisi, karatasi zilizokwisha kukusanywa huwa zimechakaa, na mwombaji huanza upya.