Msiwapeleke Vijana Ghuba Mwezi wa Sita

Doha, Qatar

Wazazi wangu, kaka na dada zangu mlioko Kisii, Kakamega, Mbarara, Moshi na kwingineko ambako kijana wa nyumbani anangoja viza,

Nina neno moja ambalo ajenti hatawaambia, nalo ni kuhusu wiki mbili za kwanza. Kijana anayeshuka uwanja wa ndege wa Ghuba mwezi wa Juni, Julai au Agosti, kisha kesho yake akapelekwa saiti au akasimamishwa langoni kulinda, yumo hatarini zaidi kuliko mwenzake aliyekwisha kaa hapa mwaka mzima, hata kama yeye ndiye mwenye kifua kipana. Mamlaka ya usalama kazini ya Marekani inaeleza kuwa kati ya asilimia 50 na 70 ya vifo vya joto katika kazi za nje hutokea siku chache za kwanza. Jua ni lilelile na kazi ni ileile kwa mgeni na mwenyeji. Mgeni anachokosa ni mwili uliokwisha kuzoea. Kwa hiyo nasema wazi: tarehe ya tiketi ina uzito kama mshahara ulioandikwa kwenye mkataba, na familia inayobishania mshahara bila kuuliza mwezi wa safari imeacha nusu ya swali.

Najua jibu litakalokuja haraka: sisi ni watu wa joto, tumezaliwa juani. Tuanze na ramani. Wengi wanaokuja huku wanatoka nyanda za juu, ambako mtu huvaa sweta asubuhi. Mombasa yenyewe, miezi yake ya joto kali, hucheza karibu na nyuzi 33 mchana. Doha mwezi wa Julai mchana hupita nyuzi 41 kama kawaida, usiku haushuki sana chini ya 30, na mwaka 2010 kipimo kilifika 50.4. Lakini hata mtu wa Mombasa asijidanganye, kwa sababu kinga dhidi ya joto mtu hazaliwi nayo, wala haikai mwilini milele. Inajengwa kwa kufanya kazi kwenye joto siku baada ya siku, kwa wiki moja hadi mbili: maji ya damu yanaongezeka, mapigo ya moyo yanapungua, jasho linaanza kutoka mapema na kubeba chumvi kidogo. Mtu akiacha kwa wiki chache, kama vile kwenda likizo nyumbani, kinga inafifia naye anarudi mgeni. Wenye migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, Afrika Kusini, walilijua hili zamani. Wachimbaji wao wengi walikuwa Waafrika, wakiwemo wa kutoka Malawi na Msumbiji, watu wa joto kweli kweli, na bado kiharusi cha joto, yaani mwili kushindwa kujipoza, kiliwaua chini ya ardhi tangu miaka ya 1920. Mwishowe migodi ikatengeneza vyumba vya joto na kuwazoesha wageni humo kwa siku kadhaa kabla ya kuwashusha. Hawakufanya hivyo kwa huruma, maana migodi ile haikujulikana kwa huruma. Walifanya kwa sababu maiti ni hasara. Utaratibu unaopendekezwa leo unafuata mantiki hiyohiyo: mgeni afanye sehemu ya tano tu ya kazi ya kawaida juani siku ya kwanza, kisha aongezewe sehemu kama hiyo kila siku.

Wa pili atasema sheria imekwisha kataza kazi za mchana, kwa hiyo hofu ya nini? Sheria ipo, na tusiidharau. Hapa Qatar, tangu uamuzi wa mwaka 2021, kazi za nje zisizo na kivuli zimekatazwa kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba. Tena kazi inatakiwa kusimama saa yoyote ile kipimo kinachojumuisha joto, unyevunyevu, jua na upepo kikipita nyuzi 32.1. Hicho kifungu cha pili ndicho chenye akili, kwa kuwa joto halisomi saa. Saudi Arabia na Falme za Kiarabu zinategemea zaidi saa: kwa Wasaudi marufuku huanza saa sita mchana, kwa Falme saa sita na nusu, na kote mwisho ni saa tisa. Ila Ghuba ni bahari ya kina kifupi, na maji yake mwezi wa Agosti yana uvuguvugu wa kuoga. Jioni unyevu unapanda, jasho linadondoka badala ya kukauka, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Yaani kijana anaweza kulemewa na joto saa moja usiku, sheria ikiwa imeheshimiwa neno kwa neno. Halafu kuna kazi ambazo sheria inazigusa kwa ncha ya kidole tu. Ripoti ya Amnesty International ya mwaka 2022 kuhusu walinzi wa Qatar, kazi inayowachukua Wakenya na Waganda wengi, ilieleza walinzi waliowekwa nje kwenye joto kali bila kivuli wala maji ya kunywa. Mlinzi anaonekana amesimama tu, hivyo hakuna anayemhesabu kuwa yuko kazini juani.

Kuhusu maji nitasema kwa ufupi. Maji ni lazima, kikombe kila robo saa au dakika 20, lakini hayatoshi. Misuli inayofanya kazi ni kama jiko: sehemu kubwa ya nishati yake hugeuka kuwa joto, na mtu aliyekunywa vya kutosha bado anaweza kuungua kutoka ndani asipopumzika. Anayekunywa kupita lita moja na nusu kwa saa naye anajitafutia balaa jingine, kwa kuwa chumvi ya damu inapungua mno.

Pingamizi linalohitaji adabu zaidi ni la mzee atakayesema siku ikifika imefika. Siwezi kubishana na imani, nami ninayo. Lakini katika maradhi yote ya ghafla, kiharusi cha joto ni mojawapo ya yale ambayo mkono wa binadamu unaweza kuyazuia hadi mwisho. Huko Falmouth, Massachusetts, kuna mbio za barabarani za kila mwaka mwezi wa Agosti. Madaktari waliandika habari za wakimbiaji 274 waliopatwa na kiharusi cha joto katika miaka 18. Walizamishwa kwenye beseni za maji ya barafu papo hapo, na wote 274 walipona. Ni kweli wale walikuwa na daktari mkononi, na kibarua ana msimamizi mwenye haraka. Ila tiba yenyewe ni maji baridi na barafu, vitu ambavyo havikosekani saiti ya mabilioni. Mwambieni kijana wenu alama za kiharusi hicho: mwenzake akianza kubwabwaja, kuyumba, kuwa mkali bila sababu, kupata degedege au kuzimia, joto la ndani huenda limepita nyuzi 40. Asingoje ngozi ikauke, maana anayefanya kazi nzito anaweza kuanguka huku bado anatoka jasho. Amvue nguo, ammwagie maji, amwekee barafu, ampepee, na aanze hayo wakati gari la wagonjwa likiitwa, si baada ya kufika. Nusu saa ya kwanza ndiyo inayoamua. Panadol haisaidii hapa, na aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu.

Linabaki pingamizi zito kuliko yote: njaa nayo inaua, na ada ya ajenti imekopwa. Hili silipuuzi, kwa sababu deni ndilo linalomfanya kijana ashindwe kusema amechoka. Anaogopa kukatwa siku, anaogopa kurudishwa. Hapo ndipo ninyi mna nguvu kuliko waziri yeyote. Simu inayoanza kwa kuuliza pesa zimetumwa lini inamsukuma arudi juani. Simu inayomwambia apumzike kwanza inamrudisha kivulini. Fikirieni pia hasara ya upande wa pili. Mwaka 2019 jarida la Cardiology lilichapisha utafiti kuhusu vifo 1,354 vya wafanyakazi wa Nepal nchini Qatar kati ya 2009 na 2017. Kati ya vifo hivyo, 571 vilihesabiwa kuwa vya moyo na mishipa, vikaongezeka miezi ya joto, na watafiti wakakadiria kuwa hadi 200 vingezuilika kama kungekuwa na kinga ya maana dhidi ya joto. Mwaka 2021 Amnesty ikaonyesha jinsi vyeti vya vifo vinavyoandikwa “sababu za kawaida” au “moyo kusimama” bila uchunguzi wa kutosha. Kila moyo wa maiti umesimama. Hilo si jibu. Na kwa kuwa sheria ya kazi hulipa fidia kwa kifo kilichotokana na kazi, familia iliyopokea cheti cha namna hiyo hubaki na deni la ajenti na jeneza.

Basi ninaomba haya. Tiketi ikiwezekana iwe ya Novemba hadi Machi. Ajenti akikataa, kijana adai kwa maandishi kazi nyepesi kwa wiki mbili za mwanzo, na aondoke akijua saa za marufuku za nchi anayokwenda. Na likitokea la kutokea, msipokee cheti kimya kimya: ombeni kupitia ubalozi muelezwe alikuwa akifanya kazi gani, wapi, saa ngapi, na siku hiyo kipimo cha joto kilikuwa ngapi.

Wenu,
Ndugu yenu aliyeko Doha