Usiku wa Unguja Una Wenyewe

Watu wa Ulaya mwezi wa Julai huuita kiangazi, wakafunga mizigo yao kuja kuota jua letu. Sisi twaujua kuwa ni mwezi wa kusi, wa upepo na ubaridi, na mtu mzima hatoki usiku bila ya koti. Hata hivyo ndio msimu ambao mji wa Unguja hufurika wageni, na miongoni mwao ni sisi watu wa Mombasa tunaokwenda huko kubadili hewa siku mbili tatu. Mimi nilikwenda Julai 2019, kwa basi kupitia Horohoro hadi Dar es Salaam, kisha boti. Nikafikia Kiponda kwa mzee mmoja ambaye kwa upande wa mama ni mjomba wangu.

Asiyepata kuiona Forodhani baada ya Magharibi hajaiona Unguja. Moshi wa mishkaki watanda, pweza na ngisi wamepangwa mezani, huku yasukumwa miwa kwa ndimu na tangawizi, kule urojo, na ile chapati ya mayai na nyama ambayo wenyewe huiita piza. Vijana hukimbia wakajitupa baharini kutoka ukutani, watu wakapiga makofi. (Uliza bei kabla ya kula, na kaa palipojaa wenyeji, mfuko na tumbo vyote vitakushukuru.) Bustani hiyo ilitengenezwa upya mwaka 2009. Nyuma yake Beit el-Ajaib ya Sayyid Barghash, ya mwaka 1883, wakati ule ilikuwa ingali imesimama, ingawa imefungwa. Desemba 2020 sehemu yake ikaporomoka, na roho za watu zikapotea.

Hatua chache kutoka hapo ni Ngome Kongwe, na wiki ile kulikuwa na Tamasha la Filamu la Nchi za Jahazi, lililoanza mwaka 1998. Ni jambo la kupendeza kukaa chini ya nyota, ndani ya kuta walizojenga Waarabu wa Omani baada ya kuwatoa Wareno, ukatazama hadithi za watu wa bahari yako mwenyewe. Tena wenye tamasha lile waliwahi kuzichukua filamu hadi vijijini, na kuwawekea kina mama maonyesho yao. Hilo nalisifu bila ya kuuma maneno.

Wako wenzetu watakaoniambia kwamba starehe za usiku zimeletwa na watalii. Si kweli. Barghash ndiye anayetajwa kuwa alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza ala, na chama cha Ikhwani Safaa kilianza mwaka 1905. Siti binti Saad alivuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 kurekodiwa sauti yake, wakati ambapo hoteli za kitalii tunazozilaumu leo hazijajengwa. Mswahili amekesha tangu hapo: kwa harusi, kwa Maulidi, kwa ngoma. Basi ugomvi wangu si na usiku.

Ugomvi wangu ni na nafsi yangu kwanza. Usiku wa pili nilirudi Kiponda saa nane. Nikamkuta mjomba kwenye kiti nyuma ya mlango, komeo haijatiwa, akiningoja mimi mtu wa miaka hamsini. Nikamwamkia kwa haya, akanijibu marahaba, akapanda juu. Nilipofumbua macho jua limekwisha toka. Asubuhi ya kwanza nilikuwa nimemshika mkono kumpeleka msikitini, maana macho yake hayaoni vizuri gizani. Siku ile alikwenda peke yake, akipapasa ukuta. Hakunilaumu. Alisema tu, "Chai imo chupani, mwanangu."

Nikaanza kuwatazama wenzangu tuliotoka nao Kenya. Mzungu akipita kichochoroni amevaa kaptura, mtu husema hajui. Sisi je? Niliwaona vijana wetu wakipiga kelele chini ya madirisha ya watu waliolala, wengine wakiwaelekezea simu wanawake waliokaa barazani, wakiwapiga picha bila ya idhini. Nyumbani kwao Old Town wangethubutu? Wenyeji husema mgeni njoo mwenyeji apone, na kule Makunduchi, siku za Mwaka Kogwa mwezi huohuo wa Julai, nyumba isiyopata mgeni huona imekosa heri. Lakini mgeni huyo huingia ndani, akala na watu, akajua ni nani mgonjwa na nani anaamka mapema. Tuliofanya mji mzima kuwa ukumbi hatukuingia nyumba ya mtu.

Usiku wa tatu niliondoka Ngome Kongwe saa nne, muziki ungali moto. Mjomba akashangaa kuniona mapema. Tukakaa barazani, akanisimulia taarabu za ujana wake, jinsi walivyokuwa wakikesha mpaka wakisikia adhana, wakatoka pale moja kwa moja hadi msikitini, kanzu zinanuka udi na moshi wa sigara.

"Na huko leo," akaniuliza, "alikuwa akiimba nani?"

Nilipomjibu, akanituma nikamletee koti lake.