Mwuguzi na Mpira

Kule Uingereza vyuo vikuu vingi huacha alasiri ya Jumatano bila masomo, ili wanafunzi wapate kucheza. Lakini mwanafunzi wa uuguzi afanyeje? Masomo yake hudai saa 4,600, na nusu yake ni kando ya vitanda vya wagonjwa. Nao wagonjwa hawajui Jumatano. Mwenzake avaapo viatu vya mpira, yeye anapima homa, au amelala kwa kuwa alikesha zamu ya usiku. Wengine huiacha timu mwaka wa kwanza. Sisi hatuwasifu. Ainuaye wagonjwa ahitaji mgongo wenye nguvu. Naye aliyeona kifo asubuhi ahitaji wenzake wa kucheka nao jioni. Basi amwombe msimamizi mapema, kabla orodha ya zamu haijaandikwa. Akikataliwa, juma hilo timu imngoje.