Mvua Ilitukuta Kandokando ya Ziwa

Siku ya posho iliyopita tulitoka Goma pamoja na rafiki zetu watatu na watoto wao, tukatembea kandokando ya ziwa Kivu, upande wake wa kaskazini, kwenye njia ya Sake. Huko mchanga ni kidogo. Ni mawe meusi ya volkano, makali kama kisu. Wengi wetu tunakumbuka Januari 2002, moto wa Nyiragongo uliposhuka mpaka ziwani.

Tulipomaliza kutazama Lac Vert, mvua kubwa ikatukamata. Rafiki mmoja akaona shimo kati ya mawe, akataka mtoto wake wa miaka mine ajifiche humo. Mama muuza sambaza akapiga kelele: “Mama we, toa mtoto! Kuko mazuku!” Kuangalia vizuri, ndege amekufa chini. Tukanyamaza wote.

Mazuku ni gesi inayotoka ndani ya udongo. Haina rangi wala harufu, na ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inajaa mashimoni, zaidi asubuhi mapema pasipo upepo. Mtu mzima akisimama anaweza kupumua vizuri, kumbe mtoto aliye chini anazimia na kufa.

Sisi walimu tunayafundisha hayo darasani, lakini siku ile mvua ilitusahaulisha. Basi wamama, tuwaambie watoto: wasijifiche shimoni. Na mtu akianguka humo, usishuke kumfuata, ita watu. Sisi tulirudi tumelowa kabisa, lakini watoto wote walikuwa nasi.