Mwenye Haki Asiye na Hati

Imewakaa watu wengi akilini, wasomi kwa wasiosoma, dhana ya kwamba mgeni afanyaye kazi katika nchi isiyo yake, madhali aliingia kwa mlango wa sheria, hana cha kuhofu akiulizwa hati zake. Atatia mkono mfukoni, atazitoa, na maneno yatakwisha. Na asiyeweza kuzitoa, husema watu hao, hana budi kuwa na jambo analolificha. Dhana hii husemwa kwa upole na watu wema, vibarazani na magazetini, na kwa sababu hiyo madhara yake yapita yale ya chuki ya wazi, ambayo walau hujulikana kwa sura yake. Mimi nasema ni batili, na hujja yangu naitoa Uingereza, dola inayosifika kwa kuandika kila kitu na kuweka kila kilichoandikwa.

Mwezi wa Juni 1948 meli iitwayo Empire Windrush ilitia nanga Tilbury ikiwa na mamia ya watu wa Jamaika na visiwa jirani, raia wa himaya ile ile iliyokuwa ikiwahitaji kwa kazi, na baada yao wakafuata wengine wengi kwa muda wa miaka zaidi ya ishirini. Sheria ya uhamiaji ya 1971, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1973, iliwahifadhia wale waliokwisha kufanya makao haki ya kukaa na kufanya kazi bila ya ukomo. Lakini haikuwapa cheti, wala Wizara ya Mambo ya Ndani haikuandika daftari la majina yao. Haki ilikuwapo, kamili, imeandikwa katika kitabu cha sheria. Ithibati yake wengi wao hawakuwa nayo mikononi. Wakaendesha mabasi na magari ya moshi, wakauguza wagonjwa, wakalipa kodi na michango ya Bima ya Taifa, wakazeeka.

Hapo ndipo sheria mpya zilipowakuta. Tangu 2008 mwajiri aliyemtumia mtu asiye na ruhusa akawa hutozwa faini, na sheria za 2014 na 2016 zikaongeza uchunguzi huo kwa wenye nyumba za kupangisha na kwa mabenki. Mtu aliyeletwa akiwa mtoto, jina lake limeandikwa ndani ya pasipoti ya mamake, akaitwa ofisini baada ya miaka arubaini ya kazi na kuambiwa alete ushahidi wa kila mwaka aliokaa. Na wako walioambiwa hati moja ya mwaka haitoshi, walete hadi nne. Nani katika sisi awezaye leo kuonyesha hati nne za mwaka 1977? Mimi stakabadhi ya mwezi uliopita sijui iliko. Walioshindwa walifukuzwa kazi, wengine wakanyimwa matibabu, wengine wakatiwa kizuizini, na Serikali yenyewe ilikiri mwaka 2018 kwamba watu 83 huenda walitolewa nchini isivyo haki.

Na ithibati ile ilikuwa wapi? Sehemu yake ilikuwa katika kadi za kuwasili zilizowekwa mjini Croydon, ambazo Wizara hiyo hiyo iliziharibu mwaka 2010. Watetezi wake husema kwamba kadi zile zilionyesha siku ya kufika tu, si miaka ya kukaa. Na iwe hivyo. Lakini siku ya kufika, kama ilikuwa kabla ya 1973 au baada yake, ndiyo iliyokuwa kiini cha daawa nzima. Sehemu nyingine, iliyo kubwa zaidi, ilikuwa katika madaftari ya kodi na ya bima, mikononi mwa idara nyingine za Serikali ile ile, na aliyeamriwa kuhangaika kuitafuta ni mzee wa miaka sitini. Ni kama mwenye duka aliyechoma daftari lake, kisha akasimama mlangoni kuwadai wateja wa miaka yote stakabadhi zao. Amber Rudd, waziri wa Wizara hiyo, alijiuzulu mwezi wa Aprili 2018 kwa ajili ya jambo hili, na Wendy Williams, aliyepewa kulichunguza, akatoa ripoti yake mwezi wa Machi 2020; ajira zilizopotea hazikurudi kwa ripoti.

Dhana hii ina pacha wake, naye ni ile itikadi ya kwamba mwenye hati mkononi hawezi kunyimwa haki, na huyu alivunjwa hapa hapa petu. Kenya ilipopata uhuru, wengi wa Wahindi waliokuwa nchini hawakuomba uraia katika muda wa miaka miwili waliopewa, bali walibaki na pasipoti zao za Kiingereza. Sheria ya uhamiaji ya 1967 ilipowataka wasio raia wawe na vibali vya kazi, na ile ya leseni za biashara ya mwaka huo huo ikawabana wenye maduka, walianza kupanda ndege kwenda London kwa kutegemea kitabu walichokishika. Bunge la Uingereza, likiongozwa katika jambo hili na waziri James Callaghan, lilipitisha kwa siku tatu tu sheria iliyotiwa sahihi tarehe 1 Machi 1968, kwamba pasipoti ile haimfai mwenyewe kuingilia ila kama yeye, au mzazi wake, au babu au bibi yake, alizaliwa Uingereza ama alipata uraia huko. Kitabu kilikuwa sahihi, muhuri sahihi, picha yake. Haki iliyokuwa ndani yake ikaondolewa ilhali mwenyewe bado amekishika.

Wako watakaosema hayo ni ya kale. Basi na watazame ya leo, kwa ndugu zetu wa Afrika Mashariki walioko huko katika kazi ya kea, wakiosha na kulisha wazee wa watu. Tangu tarehe 6 Aprili 2022 mwajiri hakuruhusiwa tena kuikubali kadi yao ya ukaazi kuwa ushahidi wa ruhusa ya kazi, ijapokuwa imetolewa na Serikali na muda wake haujaisha. Na kadi nyingi zilikoma tarehe 31 Desemba 2024. Badala yake mtu hufungua hesabu yake kwenye tovuti ya Serikali, akapata nambari ya herufi na tarakimu tisa, ianzayo kwa W, ambayo huishi siku 90, akampa mwajiri, naye akaitia pamoja na tarehe ya kuzaliwa, ndipo inapotokea picha na maelezo ya ruhusa. Mtandao ukikwama, au simu ikipotea, au jina likiandikwa kwa herufi moja isiyokuwamo katika pasipoti, mtu huyu aliyeingia kwa mlango wa sheria hana hata kipande cha karatasi cha kushika. Na mwajiri, ambaye tangu Februari 2024 faini yake yaweza kufika pauni 45,000 kwa kila mfanyakazi, na pauni 60,000 akirudia, hatangoja. Atamchukua mwingine ambaye jina lake halimtii shaka. Simlaumu sana, maana amepewa kazi ya askari wa uhamiaji bila ya mafunzo wala mshahara wake, na adhabu yote imewekwa upande mmoja: anayemkataa mtu halali aghalabu hapatwi na neno, na anayemkubali asiye halali hufilisika.

Katika mahakama za kadhi za mwambao wetu hata mtoto wa chuoni aijua kanuni: bayana ni juu ya mwenye kudai, na kiapo ni juu ya mwenye kukana. Katika jambo hili dola ndiyo idaiyo kwamba fulani hana ruhusa. Dola ndiyo iliyotoa ruhusa, ndiyo iliyoiandika, na ndiyo yenye ufunguo wa madaftari. Kisha bayana inatwikwa aliye dhaifu kuliko wote. Wala hakuna lisilowezekana katika kuugeuza mzigo huo. Wizara ile ya Mambo ya Ndani ya Uingereza ina idara ambayo mwajiri huiuliza juu ya mtu ambaye maombi yake yangali yakishughulikiwa, na jibu la kukubali humkinga mwajiri na faini kwa miezi sita. Njia hiyo na iwe ndiyo kawaida kwa kila mtu: mwajiri aulize, Wizara ijibu kwa siku maalumu, na hadi ijibu mtu abaki kazini kwake na ujira wake, na ikimkana mtu ambaye baadaye yabainika alikuwa halali, Wizara imlipe mshahara wote aliopoteza, kwa kipimo kile kile cha pauni 45,000 inachowapimia waajiri.