Si popobawa, ni jinamizi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nami nitoe dukuduku langu juu ya jambo ambalo watu hulisema kwa kunong'ona, na ambalo kwangu lilikaribia kuivunja nyumba.

Tangu nilipokuwa chuo cha ualimu hukabwa na jinamizi. Macho huwa yamefumbuka, chandarua nakiona, jogoo wa jirani namsikia, lakini kidole siwezi kukiinua, na kifuani ni kama mtu amenikalia. Nikitaka kupiga kelele hutoka mkoromo tu. Mimi nimekwisha zoea. Aliyeteseka ni mke wangu, aliyekuwa akiamka usiku na kumkuta mumewe anakoroma kama anayechinjwa, macho yamemtoka.

Majirani walipopata habari hawakuuliza jingine, walisema ni popobawa. Mama mkwe akaja kutoka Mji Mkongwe akamchukua mwanawe, na mganga mmoja akala mshahara wangu wa mwezi kwa ubani na kafara. Mke wangu alikaa kwao miezi miwili.

Siwacheki wanaoogopa. Mwaka 1995 nilikuwa darasa la kwanza wakati habari hizo zilipoanza Pemba zikavuka hadi Unguja. Tulilala nje juu ya majamvi pamoja na majirani, moto unawaka, wazee wanakesha. Ilisemwa kuwa anayekana kuwa popobawa yupo ndiye atakayefuatwa, na aliyeingiliwa asipowaambia watu atarudiwa. Basi nani angenyamaza, na nani angebisha? Mjini, umati ulimpiga mpaka akafa mtu mmoja mgonjwa wa akili, kwa kudhaniwa ndiye. Mwaka ule ulikuwa pia wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, na siasa nazo zikaingizwa humo, hayo nayaacha.

Madaktari wanaeleza kwamba mtu anapoota, ubongo huilegeza misuli ili asiitende ndoto yake. Pengine akili huamka kabla mwili haujafunguliwa. Hali hiyo huchukua sekunde chache, au dakika moja mbili, na yenyewe haiui. Humpata zaidi aliyelala chali, aliyechoka, au ambaye usingizi wake hukatikakatika. (Mimi husahihisha madaftari mpaka saa sita usiku.) Wala si sisi peke yetu: watu wa Newfoundland huko Kanada husema ni kizee wa kike anayewakalia kifuani.

Hayo nilimweleza mke wangu barazani kwao, mama mkwe akisikiliza nyuma ya mlango. Nikamwomba jambo moja tu, kwamba akinisikia nakoroma vile asikimbie, bali anishike bega aniite, kwani mara nyingi kuguswa kunatosha kunifungua. Dua ya kulala sikatazi, nami huisoma.

Lakini si kila vurugu la usingizini ni jinamizi. Wapo waume wanaopiga ngumi na mateke ndotoni hata mke akaamka jicho limevimba, na wapo wanaokoroma kisha pumzi ikakatika. Hao waende hospitali, na waende pamoja na wenzao. Mimi nilikwenda peke yangu, na nilipoulizwa nafanya nini usiku sikuwa na jibu, kwa sababu nilikuwa nimelala! Anayejua ni yule wa pembeni, na huyo ndiye asiyeulizwa.

Naiomba Wizara ya Afya ilieleze jambo hili redioni kwa Kiswahili chepesi, na masheha wasaidie kulifikisha mashamba, kabla uvumi mwingine haujazuka.

Mke wangu amekwisha rudi. Wiki iliyopita aliniita mara mbili, "Maalim, inuka!" na mara ya pili alilalamika tu kuwa nimemkatizia usingizi.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mkoa wa Kaskazini, Unguja.