Wachezaji tunawafuata, na daftari je?

Ndugu vijana wa Dzaleka, leo tuambiane ukweli.

Mwezi wa 3 mwaka 2024, Khaman Maluach alipochagua Chuo Kikuu cha Duke kule Marekani, simu zetu zilijaa jina lake. Tulikuwa na haki ya kufurahi. Huyo kijana ni wa Sudan Kusini, amekulia Uganda kama mkimbizi. Mwaka 2025 akachaguliwa NBA namba 10. Ni mwenzetu kabisa.

Lakini mimi nilikuwa namaliza bando nikitafuta nani anaenda chuo gani, na mtihani wa MSCE uko mlangoni. Urefu wa kila mtoto wa Marekani naujua, hesabu sijui. Aibu yangu.

Kocha akupende namna gani, huwezi kucheza daraja la kwanza la vyuo bila kozi 16 za msingi za sekondari na wastani wa 2.3. Hata Dikembe Mutombo wetu alitoka Kinshasa mwaka 1987 kwenda Georgetown akitaka kuwa daktari. Shule ndo ilimfungulia mlango, mpira ukafuata.

Mwingine atasema: mkimbizi hata akifaulu, anakwama kambini. Ni kweli, karatasi za safari ni ngumu. Ila siku nafasi ikija, hawataangalia tu unaruka namna gani. Wataomba matokeo.

Tucheze, tuwafuate. Lakini jioni, kabla ya simu, daftari kwanza. Wewe unasemaje?